Mto, Kigoda au Kiti? Mwongozo wa Kununua cha Kukalia Wakati wa Taamuli

Anayetaka kutenga pembe ya nyumba kwa ajili ya taamuli, yaani kukaa kimya na kutuliza fikra, mara nyingi huanza kwa kununua mishumaa, udi na picha za kutundika, kisha akikaa chini, baada ya dakika kumi miguu huingia ganzi na kiuno huanza kuuma. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye kitu atakachokalia, na kipimo chake ni kimoja: nyonga ziwe juu kuliko magoti. Zikiwa chini, kiuno hubinuka kwa nyuma na misuli ya mgongo hufanya kazi muda wote wa kikao. Nimepanga vifaa hivi kwa kuanza na ninachokipendekeza zaidi.

Nafasi ya kwanza naupa mto wa sufi ulioshindiliwa sawasawa. Wafuasi wa Zen, tawi la dini ya Buddha, nchini Japani hukalia mto wa duara uitwao zafu, ambao kwa desturi hujazwa sufi, na sufi ni hii hii inayopasuka kwenye misufi yetu ya pwani, kwa hiyo sioni sababu ya kuagiza mto kutoka ng'ambo. Mpe fundi cherehani vipimo: kipenyo cha sentimita 33 hivi, na kimo cha sentimita 15 kabla ya kukaliwa, kwa kuwa sufi hubonyea. Mfuko wa ndani uwe wa pamba nzito, wenye nafasi ya kuongezea sufi baadaye, na foronya iwe ya kuvuliwa kwa zipu. Kabla ya kulipa, ukandamize kwa ngumi: ukifikia meza, haukujazwa vya kutosha, ukihisi punje ngumu ndani, mbegu hazikuchambuliwa. Mto wenyewe usifuliwe, maana sufi ikilowa hushikana mabonge. Uanikwe juani na kupigwapigwa.

Chini ya mto huo panahitajika mkeka. Wa ukindu una ubaridi mzuri na hauhifadhi joto, ila ni mwembamba, na vifundo vya miguu huihisi saruji upesi, kwa hiyo tandika blanketi lililokunjwa chini yake. Unapouchagua, ugeuze uangalie mishono inayounganisha kili (vile vipande virefu vya ukindu uliosukwa), kwa sababu mkeka huanza kuachia hapo. Masika uuning'inize ukutani, la sivyo utaota ukungu. Msala sikuuweka katika hesabu hii; una kazi yake.

Nafasi ya pili ni kigoda cha kupigia magoti, ambacho seremala yeyote anaweza kukitengeneza kwa mabaki ya mbao: kimo cha sentimita 20 nyuma na 17 mbele, ili kikuinamishe kidogo, na upana wa kutosha kupitisha miguu chini yake. Mbao ya paina inatosha, kwani mninga ni mapambo tu hapa. Hakimfai mwenye maradhi ya magoti.

Huyo, pamoja na mzee na mjamzito, atumie kiti cha kawaida cha mezani, ambacho kwake ndicho cha kwanza na pengine tayari anacho. Nyayo zikanyage sakafu, na mgongo usiegemee. Kiti cha plastiki kinachobonyea katikati kitamvuta nyuma, hivyo akiepuke.

Mto wa sponji nauweka nafasi ya nne kwa uchungu wa aliyewahi kuununua: muuzaji aliniapia kuwa ni sponji gumu, na mwezi wa pili haukuisha kabla haujawa bapa kama chapati. Mwisho kabisa ni mkeka wa yoga ukiwa peke yake, kwa kuwa umetengenezwa kuzuia utelezi, na unene wake wa milimita chache hauinui nyonga hata kidogo.

Ikibaki fedha, nunua chandarua cha duara cha kuning'iniza kabla ya kufikiria udi, ambao moshi wake katika chumba kilichofungwa hukera koo. Hakikisha tu kwamba kinashuka hadi sakafuni, kwani vingi vimekatwa kwa kimo cha kitanda, na mbu wa jioni hupenya chini.