Jaketi la kujiokolea la mtoto: uzoefu wangu Ziwa Tanganyika

Bibi ya wanangu yuko Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa mkoani Kigoma, kwa hiyo kila likizo tunapanda boti mwalo wa Kibirizi. Miaka yote wanangu walivalishwa laifujaketi za wakubwa, nami nikishaona zimefungwa naridhika. Mwaka jana nikamwingiza majini binti yangu wa miaka sita akiwa na mojawapo, pale Katonga, maji yakinifika kiunoni. Jaketi likapanda juu, likamziba mdomo na pua, mwenyewe akawa anateleza chini. Nilimdaka. Usiku ule sikupata usingizi.

Nikaenda kumnunulia lake. Muuzaji wa kwanza akaniambia, "Chukua kubwa, atakua nalo." Msikubali, jamani. Hii si sare ya shule. Jaketi huandikwa uzito wa mvaaji, na kwa viwango vya kimataifa vya meli, chini ya kilo 15 ni la mtoto mchanga, kuanzia 15 hadi chini ya 43 ni la mtoto. Wangu ana kilo 19. Nililochukua, Sh 55,000, lina sponji ngumu isiyonywa maji, kola ya kushika kisogo, filimbi, na mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Mkanda huo ndio hasa nilioulipia. Ukishamfunga mtoto, shika mabegani uvute juu: likifika masikioni, halimfai.

Tulirudi Katonga asubuhi, ziwa likiwa shwari. Alielea chali, uso juu, maji yakiishia kidevuni. Nikamfundisha hapo hapo: usihangaike na mikono, lala, puliza filimbi. Akapuliza mpaka wavuvi wakageuka.

Kasoro zipo. Mkanda unakwaruza mapaja, mvalishe kaptura. Vifungio ni vigumu kwa vidole vyake. Kitambaa kinachelewa kukauka, nami nakianika kivulini kwa sababu jua hukilegeza.

Kaka yake alitaka boya la kupuliza. Nimekataa. Upepo ukitoka nchi kavu humsukuma mtoto na boya lake kuelekea kilindini, na hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, zaidi ya meta 1,400. Naye nimemnunulia jaketi lake, ana kilo 27. Mwezi ujao tunakwenda Kagunga, na wote wawili wanajua kwamba linafungwa mwaloni, kabla mguu haujaingia botini.