Vitanda vya kichanga: funua godoro kwanza, mapambo baadaye

Kitanda cha kwanza cha mwanangu nilikinunua kwa kutazama picha. Cheupe, kina pazia la lesi, magurudumu manne, na kadude juu kanakozunguka na kuimba. Shilingi 230,000, hela ya bodaboda mbali. Mimba ilikuwa ya miezi minane, miguu imevimba, sikuwa na ubavu wa kuizunguka Kariakoo juani. Nikalipa kwa simu, kikaja, nikakitandika, nikakipiga picha na mimi nikawarushia wenzangu.

Wiki ya tatu baada ya kujifungua akaja wifi yangu kutupa hongera. Wifi ni muuguzi, miaka mingi yuko wodi ya wazazi. Alinawa mikono, akainama kitandani, nikasubiri aseme mtoto kafanana na nani. Akamnyanyua haraka. "Wifi, mtoto kajikunja huyu. Humsikii anavyokoroma?" Nilikuwa namsikia. Nilidhani kamfuata baba yake.

Tukafunua godoro. Chini hamkuwa na chaga hata moja. Palikuwa na kitambaa kilichovutwa kati ya mabomba mawili, na juu yake vipande viwili vya hadibodi vilivyokutana katikati bila kitu cha kuvibeba. Mtoto wa kilo tatu na nusu alikuwa ameshavipinda, katikati pamekuwa bonde. Ukimlaza pembeni anaserereka taratibu mpaka bondeni, kichwa kinabaki juu kwenye mteremko, kidevu kinagusa kifua.

Hilo la kidevu ndilo lililonifanya niandike haya yote. Kichanga ana kichwa kizito na shingo isiyo na nguvu. Kidevu kikishalala kifuani, njia ya hewa, ambayo kwa umri huo ni nyembamba, inabanwa, na mwenyewe hawezi kuinua kichwa ajinasue. Wala hatalia ukamsikia. Anakoroma kidogo, halafu ananyamaza, na wewe unashukuru Mungu kwamba leo amelala vizuri.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi, wala magurudumu, wala mfuko wa nepi pembeni. Hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi naangalia sakafu ya kitanda: je, imenyooka, na itabaki imenyooka mtoto akishafika kilo tano?

Nikienda dukani nabeba vitu vitatu. Pimamaji ndogo ya mafundi ujenzi (simu nyingi nazo zina programu ya kupima usawa), gololi moja niliyompora mtoto wa jirani, na mfuko wa sembe wa kilo tano. Cheka tu. Kwanza napima sakafu ya duka, maana duka lenyewe laweza kuwa limeinama ukakisingizia kitanda. Halafu pimamaji inaingia ndani ya kitanda, kwa urefu na kwa upana. Kisha naulaza unga katikati ya godoro na kuweka gololi karibu na ukingo. Gololi ikibiringika kuufuata unga, hata mtoto ataufuata mteremko huohuo. Mwisho nabonyeza godoro kwa kiganja na kuachia. Alama ya mkono ikibaki, au kiganja kikizama, hilo ni godoro la mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo, halimfai kichanga. Akigeukia upande uso utazama humohumo.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinasema mtoto alazwe chali, juu ya kitu kigumu kilichonyooka kisicho na mwinuko, bila mito wala blanketi wala midoli, chumba kimoja na wazazi lakini kitandani kwake, angalau miezi sita ya mwanzo. Kampeni ya kuwahimiza wazazi wa huko kulaza watoto chali ilipoanza mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu miaka iliyofuata. Kulaza chali hakuuzwi dukani. Unachonunua ni ile sakafu.

Sasa tupange.

Namba moja ni Graco, kile kitanda cha kukunja cha neti wanachokiita Pack 'n Play, na sioni haya kusema nina upendeleo. Sikulipwa na mtu. Sakafu yake ni ubao mgumu unaojikunja vipande, umevikwa kigodoro chembamba, na watu wengi wakikiona wanasema "mbona kigumu hivi, mtoto ataumia." Hataumia. Ugumu huo ndio uliolipia. Kuta ni neti pande zote, na kwa joto la Dar mwezi wa pili sihitaji kukueleza maana yake. Modeli nyingi zina kitanda cha juu cha kichanga, kinachoning'inizwa kwenye kingo ili usiiname sana na mshono wako. Hicho cha juu kina kikomo: kwa kawaida kilo 6.8, au mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo anashuka sakafu ya chini na mnaendelea naye.

Lakini sikiliza hapa, hasa unayenunua cha mtumba au cha kontena. Kitanda cha juu kinashikiliwa na mabomba membamba yanayopitishwa chini yake. Ndiyo chaga zake. Mabomba hayo hupotea kuliko kitu chochote, na bila hayo kitanda bado kitaning'inia vizuri tu machoni, mpaka umweke mtoto. Hapo Graco yako inageuka kuwa kile kitanda changu cha lesi. Uliza mabomba. Yapitishe mwenyewe, mbele ya muuzaji. Akisema "hayana umuhimu dada, wengi wanatumia hivyohivyo," tumia sakafu ya chini peke yake na umpunguzie bei, au ondoka. Na usikubali godoro la ziada la sponji analokukatia "ili mtoto alale laini." Kinatumiwa na kigodoro kilichokuja nacho tu. Ukiongeza jingine, mtoto anaweza kuteleza akanasa kati ya godoro na neti.

Namba mbili itawashangaza: fundi wa Keko. Mtu akiniambia hana pesa ya Graco, simwelekezi kwenye vitanda vya plastiki, namwelekeza kwa fundi seremala anayejua kazi. Mbao haina bonde. Tatizo ni kwamba fundi ukimwachia atengeneze atakavyo atakutengenezea kitanda cha bibi harusi kilichopunguzwa, chenye maua na nguzo ndefu za pembeni zinazonasa nguo. Mpe vipimo kwa maandishi. Sakafu iwe plaiwudi ya kipande kimoja, yenye matundu ya kupitisha hewa, iliyokaa juu ya chaga zilizopigwa misumari, zisiwe za kuwekwa tu. Fito za pembeni zisiachane zaidi ya sentimita sita. Kama huna rula chukua kopo la soda, likipita kati ya fito mrudishie akaongeze nyingine. Godoro likate kwa kipimo cha kitanda chenyewe, na lile gumu, si lile analokusifia muuza magodoro. Vidole viwili vikipenya kati ya godoro na ubao, limepungua. Rangi usimwachie apake makopo yaliyobaki kwenye mageti. Mwambie akipige msasa vizuri, basi, na kitanda kikae na rangi ya mti.

Na kiagize mapema. Mafundi wetu tunawajua. "Njoo Alhamisi" ya Keko ina Alhamisi nyingi ndani yake, na mtoto hasubiri.

Namba tatu ni Chicco Next2Me, kinachosimama ubavuni mwa kitanda cha mama, upande mmoja unashuka ili unyooshe mkono tu usiku. Nakipenda kwa jambo moja ambalo hata maduka hayalisemi: kikikaa sambamba na kitanda chako, chandarua kimoja kikubwa chenye dawa, kama ulichopewa kliniki, kinawafunika nyote wawili. Hakuna kuhangaika na kineti cha mtoto kinachoning'inia karibu na uso wake. Kasoro ni kwamba miguu yake hupandishwa na kushushwa kila upande peke yake. Ukipandisha ngazi moja huku na mbili kule, umeshamlaza mtoto mlimani. Wauzaji wanaifanya hiyo kuwa sifa, eti inapunguza kucheua. Haisaidii, na mtoto aliyelala chali palipo tambarare hapaliwi kirahisi kama mama zetu walivyoogopa. Weka sawa pande zote, piga pimamaji. Na kama kitanda chako ni cha mninga kilichopanda juu kama meza, pima kwanza kimo chake, maana nafasi kati ya vitanda viwili ni mtego. Kama havikushikana bila pengo, au havikufungwa kwa mikanda yake, kitumie upande ukiwa umepandishwa.

Vya bei ya chini: vikapu vya kusukwa vinafaa kama kitako ni bapa na unavikalisha chini, si mezani. Vile vya zipu na neti kama mwavuli, vinavyojaa Kariakoo, vichukulie kama chandarua. Tupa kimto kilichomo, tandua kile kigodoro laini, kisimamishe juu ya kitu kigumu. Nimemaliza.

Kama hata hivi vya bei ya chini haviwezekani, kumbuka Finland serikali inawapa akina mama boksi la makatoni tangu 1938, lina nguo za mtoto na kigodoro kidogo, na watoto wengi wa huko wamelala humohumo miezi ya mwanzo. Boksi! Nchi tajiri. Kitako chake kimenyooka, basi.

Ambacho sitaki kukiona chumbani kwa mtu ni vile viti vya kulaza mtoto kwa mwinamo, vya kutikisa au vya umeme. Vya kuchezea mkiwa macho, sawa. Vya kulalia, hapana. Marekani kimoja maarufu, Rock 'n Play cha Fisher-Price, kilirudishwa kiwandani Aprili 2019, karibu milioni 4.7, kwa sababu ya vifo vya watoto. Mei 2022 ikatungwa sheria inayokataza vitu vya kulalia watoto vyenye mwinamo unaozidi digrii kumi, pamoja na ile mito ya kuzungushia kuta za kitanda. Ile mito sisi tunauziwa kama seti, na ukisema huitaki wanakuona huna hela.

Na sasa wauzaji. Ndugu zangu wa mtandaoni, hii "bei njoo inbox" ni ya nini? Kitanda si siri ya ndoa. Mimi na shoga yangu tuliulizia kitanda kilekile siku moja, yeye picha yake ya wasifu yuko na gari. Akaambiwa 420,000, mimi 340,000. Halafu kuna "mzigo umetoka Dubai," kana kwamba Dubai ni kiwanda. Kilichonichosha zaidi ni dukani: kitanda kimefunikwa nailoni, juu kimepangwa midoli na mito mitano, nikinyoosha mkono kufunua godoro kijana ananiwahi, "mama kijacho, usivuruge, hicho cha maonyesho." Sasa kama hata cha maonyesho hakifunuliwi, nanunua kipi? Shati tunaligeuza tukaangalia mshono, nazi tunaitikisa.

Siku hizi simwulizi muuzaji bei mwanzoni. Namwandikia sentensi moja: "Naomba picha ya chini ya godoro." Mwezi uliopita nilikuwa namtafutia binamu yangu wa Mbagala, nikawatumia watano. Wawili hawakujibu. Mmoja akanitumia tena ileile ya mbele, yenye lesi. Wawili walituma, na kwa mmoja wao binamu akanunua Graco ya mtumba, 310,000, mabomba yote yakiwa ndani ya mfuko wake.