"Haina Kutu": Pikapu Kuukuu Ipi Inastahili Kuitwa Hivyo?

Lalamiko la wasomaji ni lile lile. Tangazo limeandika "haina kutu", bodi inang'aa, bei imepandishwa kwa sababu hiyo, kisha gari linapandishwa kwa fundi na bisibisi inazama kwenye chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, kama kwenye katoni iliyolowa. Muuzaji aliangalia milango na madigadi, akaona safi, akaandika. Mambo ya injini, gia na kilomita nayaacha, maana hayo kila mnunuzi anajua kuyauliza. Hapa nimeshikilia jambo moja tu: hali ya chuma ndani ya chasisi.

Kwanza tukubaliane kutu ipi ni kutu. Vumbi la rangi ya chungwa ambalo brashi ya waya inaliondoa na chuma kinatokea laini halihesabiki. Pikapu ya miaka 20 isiyo nalo kabisa ama ilifungiwa ghalani, ama imepakwa rangi juzi. Vishimo vinavyobaki baada ya kusugua vinavumilika katikati ya ubavu wa chasisi, lakini si karibu na hanga za springi (vishikio vinavyozifunga kwenye chasisi) wala mahali usukani unapofungwa. Magamba yanayobanduka tabaka kwa tabaka ni habari nyingine: kila gamba ni chuma kilichokwishaondoka. Kutu pia huvimba, kwa kuwa inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana bamba mbili zilizopandana huachana na ribiti hukatika bila gari kugongwa popote.

Chasisi yenye umbo la herufi C iko wazi, kwa hiyo mengi yake unayaona. Ya boksi, iliyofungwa pande zote nne, ndiyo inayotapeli watu. Matope na maji ya chumvi huingia kupitia matundu ya pembeni, matundu ya chini ya kutolea maji yanaziba, na ule uchafu unakaa na unyevu wiki nzima baada ya barabara kukauka. Chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje inaweza kuwa bado nzima huku ukuta uliokuwa na unene wa milimita 3 hivi ukiwa umebaki nusu. Anzia pale chasisi inapojikunja kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwa sababu tairi inarusha matope hapo moja kwa moja. Kisha nenda kwenye hanga ya mbele ya springi za nyuma, halafu chuma cha kukatiza kilicho juu ya tairi ya spea.

Chukua nyundo ndogo ya gramu 250 hivi. Usianzie mbele, maana injini inayovuja oili huwa imelilinda eneo lile kwa bahati tu, nawe utadanganyika. Anza nyuma, ukigonga kila baada ya upana wa kiganja, ubavuni na chini. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka yenyewe. Kilichooza kinatoa mdundo mfupi na nyundo inakaa pale pale. Ukisikia mdundo huo, ingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu la maji lililo karibu na uchokore vinavyomwagika juu ya karatasi nyeupe. Mchanga utasagika kati ya vidole. Gamba la kutu litavunjika kwa tabaka nyembamba nyeusi na kahawia. Ukipata magamba ya kujaza kijiko, usiendelee kuzungumza bei. Kama bado una shaka, kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu inapita kwenye matundu mengi ya chasisi. Tazama sakafu ya boksi na mshono wake. Fundi mwenye kipimo cha mawimbi ya sauti anaweza kupima unene akiwa upande mmoja tu, ila lazima akwangue rangi kwanza na kupaka jeli, la sivyo vipimo vingi vitahesabu rangi kuwa chuma. Linganisha na sehemu nzima ya chasisi hiyo hiyo. Ikipungua kwa theluthi, mimi ningeiacha.

Sasa, pikapu za kununua kwa mpangilio wangu, kuanzia iliyo bora.

Ya kwanza ni pikapu iliyoishi kwenye ukame, mbali na pwani na barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chini yake haijapakwa chochote. Utaitambua kwa vichwa vya bolti: pembe zake sita bado ni kali na spana inashika. Raba za madirisha zitakuwa zimekufa, bushi (raba za kwenye viungo vya chini) zimepasuka na dashibodi ina nyufa. Vyote hivyo vinafunguliwa na kubadilishwa. Usiulize inauzwa wapi, uliza ililala wapi miaka yote. Gari linaweza kukaa kwenye chumvi misimu kumi, kisha likahamishiwa penye jua kuuzwa kwa jina la huko.

Ya pili ni iliyopuliziwa mafuta ya kuzuia kutu kila mwaka, aina ya Fluid Film inayotokana na lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Kwenye picha inachukiza: chini ni kweusi, kunanata, kumejaa vumbi. Futa kwa kitambaa sehemu ya ukubwa wa kiganja uone chuma kilichomo. Wanunuzi wengi huikimbia, na hiyo ni nafuu yako.

Ya tatu, nami hapa siko katikati, ni Toyota iliyobadilishiwa chasisi na ina karatasi za kazi hiyo. Naipenda Toyota kwa injini na vipuri, lakini kwenye kutu haina pa kujifichia. Mwaka 2008 kampuni ilianza kununua tena pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000 zilizotoboka chasisi, kwa mara moja na nusu ya thamani yake ya sokoni. Mwaka 2016 ikakubali suluhu ya kesi nchini Marekani iliyogusa Tacoma za 2005 hadi 2010, pikapu kubwa za Tundra za 2007 na 2008, na magari ya familia ya Sequoia za 2005 hadi 2008. Kwa hiyo Tacoma ya miaka hiyo yenye chasisi mpya ni afadhali kuliko ile ambayo mwenyewe anaapa haijawahi kuguswa. Hakikisha namba za gari zinalingana na karatasi, kisha fuata paipu za breki kwa kidole. Zikiwa ni zile za zamani, angalia chini ya vishikio vya plastiki. Hapo uchafu hujificha na paipu hupasuka. Za mchanganyiko wa shaba na nikeli hazishiki kutu.

Ford F-150 kuanzia modeli ya 2015 ina bodi ya alumini, na wauzaji wanalitumia hilo kama cheti. Chasisi bado ni chuma. Nyundo ni ile ile.

Mwenye fedha kidogo atafute yenye madigadi yaliyotoboka na chasisi inayolia. Bamba za bodi hukatwa na kuchomelewa. Ila chasisi yenye viraka iachwe, hasa ikiwa mchomeleo umekata wima kutoka juu hadi chini. Hapo ndipo ufa huanzia.

Ya mwisho kabisa, chini hata ya ile yenye matundu yanayoonekana, ni iliyopakwa lami au raba nyeusi wiki ya kuuzwa. Rangi ikipakwa juu ya magamba hufunga unyevu ndani, na kutu inaendelea kula gizani. Kinachokera ni kwamba kopo chache za rangi hiyo zinaongeza bei kuliko mafuta ya miaka kumi ya mtu aliyelitunza gari lake, na ukiuliza unajibiwa "ni kutu ya juu tu". Picha nazo hupigwa gari likiwa limelowa, kwa pembe ambayo haionyeshi hata tairi ya nyuma. Tazama kama rangi imepita juu ya mipira ya breki, nyuzi za bolti na raba zinazoshikilia ekzosi. Aliyepaka alikuwa na haraka. Angalia pia nafasi kati ya kebini na karai la nyuma la kubebea mizigo: ikiwa juu ni pana na chini imebana, au kinyume chake, chasisi inapinda. Kisha omba ruhusa ya kukwangua sehemu tatu za ukubwa wa sarafu: juu ya ekseli, kwenye hanga na chini ya kebini. Muuzaji akikataa, toa bei ya vipuri vya injini na gia tu.