Zulia la sufu la Kitibeti: lipi uanze nalo, lipi lifuate, lipi uliache dukani

Mazulia mengi yanayouzwa kwa jina la Tibet hayafumwi Tibet. Yanafumwa Nepal, hasa katika bonde la Kathmandu, na huo si ulaghai. Baada ya maasi ya Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ya mwaka 1959, maelfu ya Watibeti walivuka Himalaya wakaingia India na Nepal, na ufundi wao wakaja nao. Huko Darjeeling walifungua kituo chao cha kujitegemea mwaka huohuo. Jawalakhel, upande wa Patan, mji jirani na Kathmandu, wakimbizi walianza kufuma kwa kuuza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakisaidiwa na Msalaba Mwekundu na Waswisi. Kazi ya kambini ikakua ikawa biashara kubwa ya kuuza nje, Ujerumani ikiwa mnunuzi mkuu, na leo wengi wanaokaa kwenye mitambo ya kufumia ni Wanepali wenyewe, watu wa kabila la Tamang wakiwa wengi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia hili limetoka Nepal, usilidharau. Wa kumtilia shaka ni yule anayekuapia kwamba kila zulia dukani kwake limetoka Lhasa.

Kabla sijayapanga, nieleze unacholipia. Kwenye zulia la Kiajemi watu huhesabu mafundo: kadiri yanavyosongamana, ndivyo bei inavyopanda. Kwenye la Kitibeti hesabu hiyo itakupoteza. Hapa unalipia sufu kwanza, mafundo baadaye.

Mfumaji huketi mbele ya mtambo wa kusimama. Anauzungusha uzi kwenye nyuzi mbili za mtande, yaani zile nyuzi za kusimama zilizovutwa kwenye mtambo, anaupitisha juu ya ufito wa chuma uliolazwa kwa upana wa zulia, anaurudisha kwenye mtande, kisha tena juu ya ufito, mpaka mstari mzima unajaa matanzi. Anaugonga kwa nyundo ushuke na kukaza. Halafu anapitisha kisu juu ya ufito, matanzi yanakatika, ufito unachomoka, na pale palipokuwa na matanzi panabaki manyoya. Unene wa ufito ndio unaoamua urefu wa manyoya hayo. Mbinu hii ya ufito ndiyo inayoyatenga mazulia haya na ya Uajemi au Uturuki, ambako fundo hufungwa moja moja na kukatwa palepale.

Mafundo hutajwa kwa inchi mraba, hata pale bei inapopigwa kwa mita mraba: 60, 80, 100, na mara chache 150. Zulia la kulalia la asili, linaloitwa khaden, huwa na upana wa kama sentimita 90 na urefu wa 180. Likiwa la mafundo 60, lina mafundo zaidi ya laki moja na nusu, yote kwa mkono. Sitini inatosha kabisa kwa michoro mikubwa ya Kitibeti: simba wa theluji, joka, maua ya yungiyungi, milia ya chui milia. Mia unaihitaji pale tu mchoro una mistari myembamba ya kupinda. Ukiuziwa zulia la rangi moja tupu lenye mafundo 150, umelipia kazi ambayo hata jicho haliioni.

Nafasi ya kwanza: khaden ya sufu ya nyanda za juu, uzi wa kusokotwa kwa mkono

Kondoo wa Tibet wanaishi kwenye nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,000, na baridi ya huko imewapa sufu ndefu, ngumu kiasi, yenye mafuta mengi. Wafanyabiashara wa Kathmandu huiita changphel. Mafuta hayo ndiyo yanayolifanya zulia lisinywe uchafu haraka: ukimwaga maji kidogo, kwa dakika ya kwanza hukaa juu kama matone. Nyuzi ndefu nazo zina maana kwamba manyoya hayanyonyoki ovyo na yanastahimili kukanyagwa miaka na miaka.

Uzi uliosokotwa kwa mkono haulingani unene. Pale ulipo mnene unakunywa rangi kwa namna moja, pale ulipo mwembamba kwa namna nyingine, ndiyo maana eneo la buluu moja linakuwa na mawimbi ya buluu tatu nne. Wapo wateja wanaolirudisha zulia dukani wakidhani limechakaa. Mimi hicho ndicho ninachokitafuta. Rangi iliyokaa sawasawa kuanzia ncha hadi ncha inatokana na uzi wa mashine.

Kwa nini khaden na si zulia la kujaza sebule? Kwa sababu pesa ile ile itakayokununulia zulia kubwa la hali ya kati itakupa khaden moja safi, na khaden huviringishwa ikasafiri. Wenzetu walioko Muscat, Doha na Dubai wana bahati hapa: wanafanya kazi bega kwa bega na Wanepali, na mtu anayerudi kwao likizo anaweza kukuchagulia zulia mtaa wa Boudha, Kathmandu, au Jawalakhel kwa bei ambayo duka la mtaa wa watalii wa Thamel halitakupa. Mwambie sufu unayotaka, idadi ya mafundo, na akutumie picha ya mgongo wa zulia kabla hajalipa.

Nafasi ya pili: sufu iliyochanganywa

Sehemu kubwa ya mazulia ya Nepal ina sufu ya Tibet iliyochanganywa na ya New Zealand. Ya New Zealand ni nyeupe zaidi, inapokea rangi nyangavu vizuri, na inapatikana kwa wingi. Zulia la namna hii likifumwa kwa mafundo 60 au 80 litakuzika wewe. Linakosa ule mng'ao wa taratibu ambao sufu ya nyanda za juu huupata ikikanyagwa, lakini kwa sebule yenye watoto ndilo ningelichukua, maana likimwagikiwa uji wa ulezi hutapandwa na presha. Shida ni pale linapouzwa kwa bei ya lile la kwanza. Uliza wazi mchanganyiko ni kiasi gani. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakujibu bila kuzungukazunguka. Na akikwambia ni manyoya ya yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu wa Himalaya, tabasamu uendelee kuuliza: mazulia haya kwa kawaida ni ya kondoo.

Nafasi ya tatu: lililotumika

Ulaya na Amerika ya Kaskazini mnadani na kwenye maduka ya vitu vya zamani hupatikana mazulia ya Nepal yaliyofumwa miaka ya 1970 na 1980, mengi yakiwa ya sufu nzuri kuliko mapya ya bei hiyo hiyo. Kinachonizuia kuliweka juu zaidi ni nondo na mkojo wa paka. Ligeuze, lipige kwa kiganja juu ya shuka jeupe, uone kinachodondoka. Mchanga si tatizo. Vipande vyeupe vya utando au punje ndogo kama chembe za mchele ni dalili ya viwavi, na hapo ondoka. Linuse karibu kabisa. Harufu ya mkojo kwenye mtande wa pamba haitoki kirahisi.

Ukikutana na zulia linalosemwa lina zaidi ya miaka mia ukiwa Nepal, kumbuka sheria ya huko hairuhusu vitu vya umri huo kutolewa nje. Ama ni feki, ama litakufungulia kesi uwanja wa ndege.

Nafasi ya nne: sufu na hariri

Yanapendeza, hilo silibishi. Hariri hutumika kuyang'arisha maua au mistari, sufu ikijaza sehemu iliyobaki. Nimeyashusha kwa sababu ya kinachouzwa kwa jina la hariri: "hariri ya mwanzi", "hariri ya mgomba", na nyingine nyingi ambazo ni viskosi tu, uzi wa kiwandani unaotokana na massa ya mimea. Viskosi ikilowa hupoteza nguvu, ikikauka hubaki na doa la manjano, na manyoya yake hulala yasiinuke tena. Katika mji wenye joto la jasho kama Mombasa au Dar es Salaam sioni sababu ya kujitafutia taabu hiyo.

La kuacha dukani: la bunduki

Hili halifumwi. Kitambaa hutandazwa kwenye fremu, uzi unapigwa kwa bunduki maalumu, kisha mgongo unapakwa gundi ya mpira na kufunikwa kitambaa kingine. Kwa mbele linaweza kufanana na la mafundo mpaka ukashangaa, na muuzaji ataliita "la mkono" bila kusema uongo, kwa kuwa bunduki ilishikwa kwa mkono. Gundi hiyo hukauka na kuwa unga ndani ya miaka michache, hasa kwenye joto. Kama unataka kitu cha muda, sawa, lakini usilipe bei ya zulia la mafundo.

Namna ya kulikagua

Ligeuze. Sisemi hivi kwa mazoea; mgongo ndio unaosema karibu kila kitu. Zulia la mafundo lina mchoro uleule nyuma, fundo kwa fundo, na unaweza kuyahesabu: chukua rula, hesabu kwa inchi moja ya kulala na inchi moja ya kusimama, uzidishe. Mgongo uliofunikwa kitambaa ni mgongo unaoficha. Angalia pia matamvua. Yakiwa ni mwisho wa nyuzi za mtande zenyewe, vizuri. Yakiwa yameshonewa, jiulize kwa nini.

Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua sehemu nyekundu na ya buluu iliyokolea. Kikitoka na rangi, zulia linachuja, na siku litakapolowa wekundu utaingia kwenye weupe. Omba kipande kidogo cha uzi ukichome nje ya duka: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu, viskosi inanuka karatasi.

Tazama kama kuna lebo ya GoodWeave yenye namba, inayothibitisha kwamba zulia halikufumwa na watoto. Katikati ya miaka ya 1990 habari za watoto kufumishwa mazulia ziliwashtua wanunuzi wa Ujerumani na soko la Nepal likatikisika. Alama ya RugMark ilianzishwa 1994, Kailash Satyarthi, mtetezi wa haki za watoto wa India, akiwa mbele, na mwaka 2009 jina likabadilika kuwa GoodWeave. Satyarthi alipata Nobel ya Amani 2014. Zulia kukosa lebo hakumaanishi limefumwa na mtoto, ila mwenye nayo ana la kukuonyesha.

Kuhusu michoro, mambo mawili. Nyumba ambako watu husali chumbani, wengi hawatataka joka wala simba mbele yao. Omba michoro ya mraba na maua, ipo tele. Na wale walioko Ulaya: ishara ya kale ya swastika ni ya heri kwa Watibeti na mara nyingine imo kwenye mapindo ya zulia. Wageni wako wataisoma vingine kabisa.

Kulitunza

Zulia jipya litatoa manyoya kwa miezi kadhaa. Ni vipande vilivyobaki wakati wa kukata na kunyoa, vitaisha. Tumia mashine ya kufyonza vumbi bila ile brashi inayozunguka, na ukiona uzi umechomoza, ukate kwa mkasi usawa na wenzake. Usiuvute. Kila baada ya miezi kadhaa ligeuze upande ili jua la dirishani lisilipaushe upande mmoja. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni nusu ya matunzo, maana mchanga ndio unaokata nyuzi kutoka chini.

Kikimwagika kitu, kandamiza kwa kitambaa kikavu, usisugue. Kisha maji baridi kidogo, kandamiza tena. Jiki mwiko. Sabuni ya unga nayo mwiko: sufu ni protini kama nywele, na sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula protini, ndivyo vinavyoondoa madoa ya damu na maziwa kwenye nguo. Zitalila na zulia.

Vijana wa kuoshea magari watakwambia wanaosha na mazulia. La plastiki, wape. La Kitibeti likipigwa na mpira wa presha, likasuguliwa kwa brashi ya sakafu, kisha likaanikwa ukutani siku nzima, uzito wa maji unavuta mtande wa pamba na zulia linakauka likiwa limepinda. Likihitaji kuoshwa kweli, na hiyo ni mara moja kwa miaka kadhaa, tafuta anayeosha mazulia ya sufu kwa maji baridi na kuyakausha yakiwa yamelala.

Adui mkubwa wa pwani ni unyevu na nondo. Anayekula sufu ni kiwavi, nondo anayeruka hali kitu, kwa hiyo kumfukuza anayeruka peke yake hakusaidii. Viwavi hupenda giza na utulivu: chini ya kochi, chini ya kabati, kona ambayo fagio haifiki. Sogeza fanicha, fyonza mbele na nyuma, anika nje kivulini penye upepo. Karafuu na kafuri zinanukia vizuri lakini haziui viwavi waliokwisha kuingia. Kipande kidogo kilichoingiliwa unaweza kukifunga kwenye mfuko na kukigandisha kwenye friza kwa wiki mbili.

Ukiliweka stoo, lisafishe kwanza, lizungushe kwa kufuata upande ambao manyoya yamelalia, lifunge kwa shuka la pamba, na uliinue kutoka sakafuni. Usilikunje kama nguo, na usilifunge nailoni, kwani unyevu uliobaki ndani utazaa ukungu kabla masika hayajaisha.