Nyumba yenye uwanja wa mbwa Goma: anza na kona ya chini

Anayetafuta nyumba ya kufugia mbwa Goma, mashariki mwa Kongo, huuliza upana wa parseli (kiwanja), urefu wa ukuta na kama geti linafunga. Hayo jicho linayaona lenyewe, siyarudii hapa. Kinachosahaulika ni mazuku. Ndiyo maana kilio cha wafugaji ni kile kile: mbwa alikuwa mzima jioni, asubuhi amekutwa amelala kwenye kona ya ukuta, hana jeraha wala povu mdomoni, na lawama zote zinamwangukia jirani kwamba ametega sumu.

Mazuku ni hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inayopanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa za lava. Haina rangi, na uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hutiririka kama maji hadi penye shimo na kukaa hapo. Mtu mzima akisimama, pua yake iko mita 1.5 juu. Mbwa mkubwa wa aina ya Malinois akisimama, pua yake iko karibu sentimita 60, na akilala haifiki hata 15. Usiku upepo unapotulia hewa hiyo hujaa. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, hutawanyika. Komisionere, yaani dalali wa nyumba, hukuonyesha nyumba saa sita mchana. Mbwa wako atakuwa analala hapo saa kumi usiku.

Lipo kosa linalowaponza hata wanaojua. Kwa ajili ya mbwa, watu wanataka ukuta mrefu wa mawe, umejengwa kwa saruji, hauna hata tundu. Parseli ikiwa na mteremko, ukuta wa namna hiyo upande wa chini unazuia hewa nzito isitoke, na uwanja wote unageuka beseni. Ukikuta ukuta hivyo, uliza kama mwenye nyumba atakubali kutoboa matundu ya sentimita 15 kwa 15, kila mita 2, usawa wa ardhi, na kuweka nondo ili mbwa asipenye. Matundu yanafaa pale tu ambapo nje ya ukuta ni chini zaidi na hakuna nyumba ya mtu. Kumsukumia jirani mazuku ni kumuua.

Kupima ni rahisi, lakini kuna utaratibu wake. Nenda saa kumi na moja alfajiri, siku isiyo na upepo, na usiende peke yako. Chukua mshumaa, uweke ndani ya kopo lililokatwa upande mmoja ili upepo usikudanganye, ufunge kwa waya kwenye fimbo ya mita 2. Anzia usawa wa kiuno, ushushe polepole hadi chini. Fanya hivyo kwenye kona ya chini kabisa ya uwanja, kila ufa, nyuma ya kisima cha maji ya mvua, karibu na shimo la choo, na pale panapokusudiwa kibanda. Kichwa kibaki juu, usiiname. Moto ukinywea au ukizimika, ondokeni na muiache nyumba hiyo. Usipozimika, bado hujamaliza, kwa sababu mshumaa huzimika hewa ikiwa imekwisha kuharibika sana; kiwango kinachomlewesha mbwa kiko chini ya hapo. Rudia alfajiri mbili nyingine. Tazama pia majani yaliyokauka ndani ya shimo moja tu wakati pembeni ni kijani, mijusi, panzi au ndege waliokufa bila kuliwa.

Wanaouza vifaa wanachanganya watu hapa. Kengele ya moshi wa makaa hupima monoksidi ya kaboni, na mbele ya mazuku itakaa kimya. Unahitaji kipima hewa ya ukaa. Vile vidogo vya ofisini vingi huishia 5,000 au 10,000 ppm (sehemu kwa milioni), yaani asilimia 0.5 au 1. Kikigonga mwisho wake ukiwa umekiweka chini, jibu umepata. Kwa historia ya eneo lenyewe, waulize watu wa kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kabla ya kulipa chochote.

Sasa nyumba zenyewe, kwa daraja ninalowapa.

Ya kwanza ni mtaa wa Katindo, na upendeleo wangu siufichi. Parseli za zamani kule zina udongo na miti, kwa hiyo mbwa ana kivuli na mahali pa kuchimba. Chukua iliyo juu ya barabara, yenye mteremko wa upande mmoja. Mita 60 za mraba zinawatosha mbwa wawili wakubwa kama upande mmoja unafika mita 12, wakimbie kweli. Hata hapo, pima.

Ya pili ni nyumba zilizojengwa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 17, 2002, ile iliyotoka upande wa uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Tatizo la kila siku ni miguu: mawe yale hukata nyayo na kuvunja kucha. Usimwage udongo moja kwa moja, mvua itaushusha wote kwenye nyufa. Tandaza kwanza kokoto laini sentimita 5, shindilia, kisha udongo sentimita 10. Kwa mita 60 za mraba ni kokoto mita 3 za ujazo na udongo mita 6. Agiza 7 maana hushuka. Udongo hauzibi mazuku.

Ya tatu ni Himbi na Kyeshero, kando ya ziwa. Majani mazuri, bei ya kutisha, na viwanja vinavyoshuka kuelekea maji. Huko mazuku yanajulikana. Nyumba yenye ngazi kuelekea bustani ya chini, mbwa asilale bustani ya chini.

Mitaa ya Mugunga, Lac Vert na Bulengo ni ya bei rahisi na parseli ni pana. Kwa mbwa wa kulala nje, sipendekezi, kwa sababu ya mazuku.

Kibanda kiinuliwe sentimita 40 kwa ajili ya baridi na unyevu, si kama kinga ya mazuku. Na mbwa akianguka shimoni, usimfuate. Mvute kwa kamba au fimbo yenye ndoano ukiwa umesimama juu, upande upepo unakotoka.

Makomisionere wanakera. Wanadai pesa ya kutembeza, halafu wanakataa kuja alfajiri, na ukitaja mazuku wanasema uwanja ni msafi. Garanti nayo, yaani amana ya kodi, utaambiwa miezi 6. Sheria ya Kongo namba 15/025 ya Desemba 31, 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Mwonyeshe mwenye nyumba hiyo sheria, kisha andikeni mambo matatu kwenye mkataba: mbwa wangapi wanaruhusiwa, nani analipia matundu ya ukuta, na kwamba mazuku yakionekana ndani ya siku 30 garanti yote inarudi.