Kabati la kuficha meni swichi na mapaipu: yule mzee wa Buzuruga nampa nyota nne

Niseme mapema ili nisiwachoshe, kazi ya huyu fundi seremala ni nzuri, bei ni ya kawaida, muda ndo tatizo. Kama una kipaimara cha mtoto wiki ijayo na unataka ukuta ukae sawa kabla wageni hawajaingia usiende kwake, mtagombana na mzee wa watu bure. Ila kama una kaukuta kanakukera na unaweza kuvumilia basi soma.

Nyumba zetu hizi za milimani Mwanza mnazijua, mtu kajenga juu ya mwamba, presha ya maji ikifika huku juu imeshachoka, kwahiyo kila mtu ana simtenki na paipu za kushuka kutoka simtenki hakuna aliyejisumbua kuzipitisha ndani ya ukuta. Kwangu zinashuka koridoni, pale pale ukifungua mlango wa mbele, paipu mbili za plastiki na geti valvu yenye kutu, pembeni yake meni swichi, chini yake ile rimoti ya LUKU ya kuingizia tokeni, halafu swichi ya pampu ambayo fundi umeme aliiweka baadae na waya wake ukapita juu ya plasta hivo hivo. Mgeni kabla hajaambiwa karibu ameshaona hayo. Wengi tunatundika kalenda au pazia, na pazia kusema ukweli mimi siliamini karibu na meni swichi, kitambaa kinakusanya vumbi na kikipata cheche kazi imeisha. Madukani nako nilipita, makabati ya tayari yapo mengi na mazuri lakini yote yana mgongo, yaani ubao wa nyuma, na hilo ukilisogeza ukutani linakutana na paipu linasimama hapo mbele, unabaki na kabati lililoachana na ukuta sentimita kumi.

Ndo jirani akanielekeza kwa huyu mzee, karakana yake ni banda la mabati ndani ndani ukitokea Buzuruga stendi, hana kibango, unasikia randa ya umeme inalia unajua umefika. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamweleza, akaja nyumbani kupima.

Sasa hapa ndo nilipompendea. Mafundi wengi wanapima ukuta, upana kadhaa, urefu kadhaa, leta hela. Yeye hata tepu hakuitoa kwanza. Alifungua kifuniko cha meni swichi akaangalia kinafika wapi kikinyanyuka mpaka mwisho, akazungusha valvu yote akaona mkono unahitaji nafasi kiasi gani, akabonyeza rimoti ya LUKU kana kwamba anaingiza tokeni, namba zote ishirini, ili aone kiwiko kinagonga wapi. Halafu akauliza mchana nyumbani anashinda nani. Nikamwambia dada wa kazi. Akasema muite. Akamsimamisha pale, nyoosha mkono mwanangu, akaweka alama ya penseli pale vidole vyake vilipoishia, na kishikio cha mlango kikaja kukaa hapo, sio kwenye urefu wangu mimi niliyelipa hela. Mimi niko kazini umeme ukileta shida atakayeruka kuzima ni yeye, na mzee aliliona hilo kabla ya kuona ukuta.

Nilikuwa nataka kitasa cha ufunguo kwa ajili ya watoto. Akakataa. "Mwanangu, usiku imepiga shoti, utaanza kutafuta ufunguo kwenye giza?" Akaweka vile visumaku vya kabati, ukivuta kidogo linafunguka, na juu kabisa akaongeza kikomeo kidogo ambacho mtoto wa chekechea hafiki. Bawaba nazo alikataa zile za kisasa za kujificha ndani, kasema nyingi haziuachii mlango ukaenda mpaka mwisho, akafunga zile bawaba za kawaida za shaba ili mlango ulale kabisa ukutani usikuzibie njia. Kwa macho sio za kifahari, zinaonekana nje, mdogo wangu alizicheka. Lakini ukiwa umeshika simu ya tochi mkono mmoja na unaingiza tokeni kwa mkono mwingine huo mlango usioranda randa utaupenda.

Tukabishana tena kwenye gesi. Jiko langu limepakana na hiyo korido na nilitaka kabati liendelee mpaka chini limeze na mtungi wa kilo 15, kitu kimoja kirefu kisafi. Mzee akagoma kabisa, akaniambia hata uongeze hela sifanyi. Sababu yake ni ya kweli, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatuama chini, sasa ukiifungia kwenye boksi moja na swichi ambazo kila zikiwaka na kuzima zinatoa kacheche unatengeneza bomu na kulipaka rangi nyeupe. Kabati la gesi anatengeneza lakini linakaa peke yake, mbali na swichi, na chini linaachwa wazi kwenye usawa wa sakafu, sio matundu ya juu tu kama wengi wanavofanya. Fundi anayekataa hela kwa sababu kama hiyo mimi nampa kazi ingine.

Vifaa: fremu ya mbao ya paini na milango ya MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18, ile shiti ya futi 8 kwa 4, moja ilitosha na kubaki. Nilitaka mninga maana nyumbani kwetu kila kitu ni mninga, akasema mninga ni wa kitanda na meza, hapa unaenda kupaka rangi nyeupe utaufunika wote unapoteza hela. Duka la mbao tulienda wote na hili nawashauri, nunua mwenyewe na fundi akiwa pembeni. Alikuwa ananyanyua ubao mmoja mmoja anaulinganisha uzito, mzito anaurudisha, ni mbichi huo, ukikaukia ukutani utajipinda uvute na fremu. Mbao inatanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, ndo maana milango ya vipande vya mbao mingi ya huku ziwani kipindi cha masika inagoma kufunga halafu kiangazi inalegea yenyewe. MDF kwenye hilo imetulia, adui yake ni maji ya kweli kweli, ikinywa inavimba na hairudi. Kwahiyo kabati halijagusa sakafu, liko juu kama upana wa kiganja, dada akideki maji yanapita chini.

Kufunga ukutani ndo nilikaa kwenye kiti nikaangalia kama mpira. Ukuta wangu una nundu, plasta imevimba katikati, ukiegemeza kitu kilichonyooka unaona mwanga unapita. Mzee hakuigusa plasta. Aliisimamisha fremu, akachukua kijiti kidogo akakifunga na penseli, akakiburuza ukutani kutoka juu mpaka chini huku penseli inachora kwenye fremu, kila nundu ya ukuta ikajichora kwenye mbao. Akaitoa, akapiga randa kufuata ule mstari, akarudisha. Ikakaa kama imeota pale. Hata karatasi haipiti.

Na haijapigwa misumari. Kuna ubao umefungwa ukutani kwa skrubu, ukingo wake wa juu umekatwa mshazari, na ndani ya kabati kuna mwenzake umekatwa mshazari wa kuelekea upande wa pili, kabati linatundikwa tu, uzito wake wenyewe ndo unalibana. Siku fundi bomba akija, watu wawili wananyanyua linatoka lote zima, kule pembeni amekata njia za paipu zilizo wazi kwa nyuma kwahiyo hakuna kinachokwama. Matundu ya skrubu alitoboa pembeni kabisa, juu ya meni swichi hakugusa, maana nyaya zinapanda wima mle kwenda darini na drili haina macho. Kwenye vifaa vya TANESCO pia hakugusa kitu, kabati limeshika ukuta tu, sili zipo kama zilivyokuwa na mtu wa mita akija anafungua mlango anaona kila kitu.

Mlango umewekewa louva juu na chini, joto linatokea juu, hewa inaingilia chini. Mgongo hakuna na kitako hakuna. Nilimuuliza kwanini asifunge hata chini panya wasiingie, akasema paipu ikianza kudondosha unataka ulione tone sakafuni asubuhi hiyo hiyo au uje ulione mbao zimeshaoza? Haya. Nafasi kati ya milango miwili alipimia sarafu ya mia mbili, kaiweka katikati, kaza skrubu, chomoa sarafu. Sarafu yangu hiyo aliondoka nayo lakini tuyaache.

Sasa lawama. Aliniambia kesho kutwa, hiyo kesho kutwa ikawa haifiki, mara mbao bado inapumzika, mara mashine ya karakana imechukuliwa na mwenzake, mara kaenda msibani Magu na simu haipatikani. Aliporudi alikuja na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kutoka kijijini, jamani, unamfokeaje mtu amekushikia michembe. Lakini mwingine asingevumilia na ningemuelewa.

La pili ni finishing. Kwa mbele rangi ya mafuta imelala vizuri, msasa umepigwa, huoni brashi imepita wapi. Fungua mlango sasa. Kingo za ndani za MDF hazijapigwa sila, ile ya kuziba vinyweleo kabla ya rangi, zimepakwa mkono mmoja wa rangi na zimeinywa yote, ukipitisha kidole zinakwaruza. Na kingo ndo sehemu MDF inapoanzia kunywa maji, yeye mwenyewe ndo kanifundisha hilo, sasa kwanini aziache? Nilimpigia, akacheka, akasema nani anaangalia ndani. Alikuja akazipiga sila na mkono wa pili bila kudai hela, ila ilibidi nimkumbushe kumkumbusha. Nyota ya tano imepotelea hapo, na kwenye vumbi la MDF lililobaki koridoni, ambalo ni jembamba linaingia mpaka kwenye nguo za kabatini. Mwambieni akatie nje, na mtu mwenye pumu asiwepo karibu.

Gharama yote vifaa na ufundi ilicheza kwenye laki tatu hivi, sehemu kubwa ni shiti na rangi. Kuna vijana wa karakana za jirani watakufanyia kwa chini ya hapo, nimeona kazi zao, ni boksi lenye mlango, wamepigilia misumari kwenye plasta na valvu imebaki nyuma ya ubao, siku ikivuja unavunja.

Mkienda, nendeni asubuhi siku za kazi, Jumamosi anakuwa na watu wa vitanda na hatakusikiliza vizuri. Pigeni picha ya ukuta milango yote ikiwa wazi, pamoja na kifuniko cha meni swichi, mtaokoa nusu ya maswali. Advansi msitoe zaidi ya nusu ya ufundi. Na kama mnataka na la gesi mwambieni mapema, mimi langu nimemuagiza juzi na ameshasema kesho kutwa.