Wavu wa nusu inchi kwenye banda la kuku: nimeutumia, nausifu, na haya ndiyo ya kuangalia

Naanza na uamuzi wangu, maana huenda anayesoma hapa kaamka leo na kukuta manyoya tu: nunua. Wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, ndio uliomaliza ugomvi kati ya kuku wangu na nguchiro. Umenyeshewa, umepigwa jua, umechimbiwa, na usiku unapandwa na kanu, yule mnyama mwembamba wa usiku anayefanana na paka, ambaye alama za nyayo zake nazikuta kwenye vumbi la paa. Kuku wapo wote, na matetea yanataga bila kushtukashtuka.

Nasema hivi nikijua kwamba wengi huanza na waya wa kuku, ule mwepesi wa matundu ya pembe sita. Waya ule una kazi yake, nayo ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia adui asiingie ni kazi nyingine kabisa. Mashine ya kuusuka ilibuniwa na Charles Barnard huko Norwich, Uingereza, mwaka 1844, akifuata mashine za kufumia nguo, na ukiutazama kwa karibu utaona asili yake: nyaya mbili nyembamba zinasokotana, zinaachana, kisha kila moja inakwenda kusokotana na ya jirani. Hakuna kiungo hata kimoja kilichochomelewa. Waya mmoja ukiliwa na kutu au ukakatwa na jino la mbwa, msokoto unafumuka na tundu linapanuka. Kanu, kwa upande wake, hahitaji kufumua chochote ikiwa tundu ni pana: panapopita kichwa chake, kiwiliwili kinafuata.

Lakini linaloniuma zaidi kuhusu matundu makubwa ni jingine. Mnyama halazimiki kuingia. Kuku usiku haoni vizuri na hatoki kwenye fito yake, na akilala ubavu wake umegusa waya, mwindaji anapitisha mdomo au mguu na kuvuta kinachopatikana. Asubuhi unakuta mlango umefungwa, wavu haukukatwa, na kuku amelala chini hana kichwa au bawa limeng'olewa. Watu huanza kuulizana nani aliingia. Hakuingia mtu wala mnyama. Tundu ndilo lilikuwa kubwa, na fito ilikuwa karibu mno na ukuta.

Nusu inchi ni milimita 12.7. Mguu wa kanu haupiti hapo wenyewe na kufika kwa kuku. Panya mkubwa hapiti. Nyoka mnene anayetafuta mayai hapiti, ingawa mwembamba atapita, na panya wadogo kabisa nao watapita. Ukisumbuliwa na hao wadogo, upo wavu wa robo inchi, lakini unashika vumbi na manyoya haraka, na banda linakosa hewa. Mimi nimeuweka kwenye chumba cha vifaranga tu, nao nausugua kwa brashi kila unapoanza kuziba.

Sasa unene, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji mpaka uwaulize. Unene wa waya hupimwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Geji 23 ni kama milimita 0.6, unaukunja kwa dole gumba. Geji 19, ambayo ndiyo ya kawaida kwa wavu wa nusu inchi, ni karibu milimita 1. Geji 16 ni milimita 1.6, na huo ukiupiga teke unalia. Kwa nguchiro, kanu, kicheche na paka, geji 19 imenitosha. Kwa mbwa wa kuzurura ningependa mnene zaidi, hasa upande wa mlango. Kwa nyegere sikuahidi chochote. Yule ana kucha na subira ya kubomoa hata mbao.

Kabla hujalipa, kunjua kipande cha wavu juani na utazame viungo. Chuma hupakwa zinki kisishike kutu, na zinki hiyo ama inapakwa kabla ya nyaya kuchomelewa ama baada. Ikipakwa kabla, moto wa kuchomelea unaiunguza palepale nyaya zinapokutana, yaani kila kiungo kinabaki uchi. Utaona waya laini unaong'aa, na kwenye makutano kuna vidoa vyeusi au vya kahawia. Ikipakwa baada, wavu wote umechovywa: viungo vina vinundu vya zinki, ukiugusa unakwaruza kidogo, rangi ni ya kijivu iliyofifia. Haupendezi machoni, lakini huo ndio wa kununua. Rola ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya vidoa, na muuzaji alisisitiza kwamba ni kitu kilekile. Niliirudisha. Ukitaka kujua tofauti, acha vipande viwili nje wakati wa mvua halafu ulinganishe viungo.

Kufanya kazi nao ni shughuli, na sitaficha. Rola ya upana wa sentimita 120 na urefu wa mita 30 inakaribia kilo 40, haibebwi na mtu mmoja kwa raha. Ukiukata, kila ncha ni sindano. Vaa glavu za ngozi, funika macho, na tumia mkasi wa bati ulio mkali, ukate sambamba na waya bila kuacha vijino vinavyochomoza. Kingo zilizobaki zikunje nyuma au zifunike kwa ubao mwembamba.

Na hapa naomba usome polepole, maana ndipo banda zuri linapoua kuku wake. Vile vipande vidogo vinavyoruka ukikata, vya milimita chache, vinang'aa, na kuku hudonoa kila king'aacho. Kipande kikifika kwenye firigisi kinasagwasagwa humo pamoja na changarawe, kinaweza kutoboa ukuta wake, na zinki inayoyeyuka ni sumu kwa ndege. Katia wavu mbali na uwanja wa kuku, juu ya turubai. Ukimaliza, chukua sumaku kubwa, ifunge ndani ya kitambaa, uipitishe chini kila mahali ulipofanyia kazi, hata pale unapoamini hukudondosha kitu. Niliipitisha kando ya nguzo ambako nilikuwa nimeshafagia, na kitambaa kikarudi kimeota miiba. Ndipo nikawafungulia kuku.

Ubora wa wavu wenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ulivyoshikiliwa. Fundi aliyenisaidia alikuja na bunduki yake ya stepla, akaanza kupiga.

"Mama, hizi zinatosha," akaniambia. "Hawa ni kuku tu."

"Fundi, kuku siwazuii," nikamjibu. "Namzuia anayewataka."

Alichukua koleo, akavuta ukingo wa wavu mara moja, na stepla tatu zikatoka kwa mpigo. Hatukubishana tena. Tulitumia skrubu zenye washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati, kila baada ya sentimita 10 hivi, na juu ya wavu tukapitisha fito ya mbao ili ukingo ubanwe katikati. Panapoungana vipande viwili tuliacha vipandane sentimita 5 na kuvifunga kwa waya. Mnyama hali wavu katikati. Anazunguka banda usiku kucha akisukuma kingo kwa pua, akitafuta palipolegea.

Wanaochimba wanatatuliwa kwa sketi. Usiishie wavu kwenye usawa wa ardhi: ukunje kuelekea nje, ulale chini kama sentimita 45, uubane kwa mawe au vigingi. Nguchiro hufika mpaka penye ukuta ndipo anaanza kuchimba, na hapo kucha zake zinakutana na chuma. Hapati wazo la kurudi nyuma hatua mbili na kuanzia huko. Nyasi zikishaota kupitia matundu, wavu unashikamana na ardhi usiuone tena. Wengine huchimba mfereji na kuuzika wima. Nao unafaa, ila udongo wenye unyevu unaila zinki mahali usipoweza kukagua, kwa hiyo napendelea ulale juu.

Usitarajie wavu huu ufanye yasiyo yake. Mwewe hushuka kutoka juu mchana, kwa hiyo uwanja wa kuku unahitaji paa lake, na huko wavu mwepesi wa nailoni unatosha maadamu umevutwa ukakaza, kwani ukilegea utanasa ndege wasio na hatia. Komeo la kusukuma tu linafunguka likitikiswa vya kutosha. Weka lenye hatua mbili, kuinua kisha kuvuta. Na mlango usipofungwa giza likiingia, hakuna wavu utakaosaidia.

Gharama ni kubwa kuliko ya waya wa kuku, tena kwa mbali, na mwenye uwanja mpana atashtuka akipiga hesabu. Ushauri wangu ni kwamba usipunguze chochote kwenye chumba cha kulala: madirisha, matundu ya hewa, nafasi iliyo chini ya paa, kote nusu inchi, kote skrubu. Nje, ambako kuku hukaa mchana tu, weka wavu huu kuanzia chini hadi sentimita 90, kisha endelea na wa bei nafuu wenye matundu ya inchi moja. Wakilala nje hata siku moja, mgawanyo huo haufai.

Kilichoanza kunisumbua ni kona iliyo chini ya fito za kulalia. Kinyesi hurundikana pale, kinabaki na unyevu, na zinki ya sehemu hiyo imepauka na kuanza kutoa unga mweupe wakati kuta nyingine zote bado ni nzima. Nimesogeza fito ndani kidogo, na chini yake nimeweka ubao wa kukingia kinyesi ninaoukwangua kila asubuhi. Kipande cha kubadilisha hapo nimeshakiagiza, cha geji 16, kilichochovywa baada ya kuchomelewa.